Siku Mbili Katika Ngome ya Tortosa

Mama zangu na dada zangu, na nyinyi vijana mnaowasomea wazee wenu ukurasa huu baada ya Isha, juma hili sitajibu masuala mliyoniletea. Yatangoja. Nataka kuwasimulia safari, na ndani ya safari hiyo limo jambo la nyumba yetu ambalo limeninyima usingizi kwa muda mrefu.

Mkwe wangu anafanya kazi bandarini Barcelona, na binti yangu yuko naye huko. Baada ya Idi walituita, mimi na mama yao, twende tukamwone mjukuu. Tulipokwisha kukaa kwao wiki mbili wakatutunukia zawadi: siku mbili katika hoteli ya kifahari kwenye mji uitwao Tortosa, kusini mwa Barcelona, mwendo wa saa mbili na ushei kwa treni. Mkwe hakutaka kunieleza zaidi. Alisema tu, "Baba, nimekuchagulia mahali ambapo hutakosa la kuandika."

Jina la mji lilinigonga sikioni. Sisi tuliosomea mikekani tunalijua kwa Kiarabu: Turtusha. Huko ndiko alikozaliwa Imamu Abu Bakr at-Turtushi, mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Malik, mtunzi wa Siraj al-Muluk, kitabu cha nasaha kwa watawala, na cha kingine juu ya mambo yaliyozuliwa katika dini, ambacho maalim wangu hakukosa kukitaja kila mwezi wa Rajabu ulipoingia na mabishano yake. Kwangu mimi at-Turtushi alikuwa mtu wa vitabuni. Haikunipitikia kwamba mji wake una kituo cha treni na vijana wanaouza aiskrimu.

Hoteli yenyewe ni ngome. Iko juu ya kilima, mto Ebro unapita chini yake, na milima iko kwa mbali. Waliijenga Waislamu wa Andalusi, zama za Khalifa Abdurrahman wa tatu wa Cordoba, katika karne ya 10. Wenyeji huiita Suda, na neno hilo ni la Kiarabu: sudda, mlango wa mtawala, kizingiti anachosimama mtu mwenye haja kabla ya kuruhusiwa kuingia. Tangu 1976 imekuwa hoteli. Mwenye hoteli si tajiri fulani, bali ni dola ya Uhispania. Wao wana shirika la serikali linalochukua majumba ya kale, ngome na nyumba za watawa, na kuyafanya mahali pa kulala wageni. Walianza mwaka 1928 milimani Gredos, na leo hoteli zao zapita tisini.

Sisi watu wa Mombasa tumezaliwa na ngome mbele ya macho yetu, lakini yetu ina hadithi nyingine. Fort Jesus waliianza Wareno mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698, Waingereza wakaifanya jela, na sasa ni makumbusho. Mtu huingia kwa tiketi na hutoka jioni. Sijapata kuwazia kulala ndani ya ngome juu ya shuka nyeupe, na mtu akaniuliza asubuhi kama nataka chai au kahawa.

Sitawadanganya: nilistarehe. Ukuta wa chumba ulikuwa mnene kiasi kwamba dirisha lilifanya kijibaraza, mkaweza kukaa wawili mkitazama mto. Mama watoto alikagua kila kitu kama anayepokea nyumba ya bibi harusi. Alipofungua jokofu dogo akakuta chupa za ulevi, akalifunga kwa kidole kimoja. Tulimwomba msichana wa mapokezi aziondoe. Alikuja na kisanduku, akazitia zote, akaleta maji na matunda, wala hakuuliza kwa nini. Nimeona hoteli za kwetu Pwani ambako ombi kama hilo lingeitiwa meneja.

Chakula cha jioni tulikula katika ukumbi wenye madirisha marefu yaliyochongoka juu, kazi ya zama za wafalme wa Aragon walioifanya ngome hii makao yao. Tuliagiza samaki, na wali wa mpunga unaolimwa kwenye delta ya mto uo huo. Mama watoto hajui Kihispania hata neno moja, lakini mhudumu kila alipotaja kitu naye alikidaka. Azúcar, akasema, "Sukari hiyo." Aceituna, "Zeituni." Limón, azafrán: limau, zafarani. Nikamwambia kwamba hata neno lao hasta ni letu, kwa kuwa wao na sisi tumelitoa mahali pamoja, hatta ya Kiarabu. Akacheka akasema, "Maalim, kumbe hawa ni watani wetu, ila hawajijui."

Baada ya chakula niliingia kuoga. Nyumbani mimi ni mtu wa ndoo na kata. Huko nilijaza maji ya moto, nikajinyoosha, nikakaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Nilipotoka simu ililia. Alikuwa dada yangu mdogo, kutoka Lamu.

Hapa yanibidi niwaeleze habari ya nyumba. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na nyumba katika mtaa wa Mkomani. Ni ya mawe ya matumbawe na boriti za mkoko, ghorofa mbili, na zidaka za chokaa kwenye ukuta wa ndani. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, maana Lamu wazee walipenda binti awe na nyumba yake, asije mume akamwambia toka akakosa pa kwenda. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Ametuacha wana wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Dada mdogo ni mjane. Ndiye aliyekaa na mama miaka 11 ya mwisho, akimgeuza, akimlisha, akimfulia, na mpaka leo ndiye akaaye humo.

Mirathi niliigawa mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kila mwanamume sehemu mbili katika sita, kila mwanamke sehemu moja. Haikunichukua dakika kumi. Halafu akaja dalali na mnunuzi kutoka Ulaya anayetaka kuifanya nyumba hoteli ndogo ya vyumba vitano. Bei ilikuwa nzuri, sitaficha. Ndugu yangu mwanamume ana watoto wawili chuo kikuu, na karo haingoji. Dada mkubwa alisema atafuata tutakaloamua. Mimi nilikuwa nimeahidi kutia saini nikirudi safari, na hati ilikuwa ndani ya begi langu, nimeichukua ili niisome kwa utulivu.

Dada mdogo hakupiga simu kugombana. Aliuliza habari ya mjukuu, akauliza baridi, kisha akasema, "Kaka, dalali alikuja na fundi leo, wakapima. Nyumba kati wataifanya nini?"

Walio Lamu wanajua. Kwa ambao hawajui, nyumba kati ni chumba cha ndani kabisa, chenye giza na ubaridi, ambamo wazazi walijifungulia na maiti walioshewa. Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Fundi asema ndicho kitakachokuwa chumba cha kuogea wageni, cha birika la maji ya moto." Akanyamaza kidogo. "Mle ndimo tulimomwosha mama, kaka."

Nilikuwa nimesimama na taulo mabegani, maji yakinitiririka miguuni.

Asubuhi niliadhini kwa sauti ya chini mle chumbani, tukaswali, kisha tukatoka kutembea kabla wageni wengine hawajaamka. Uwanjani kuna kisima cha wakati wa Waislamu. Mama watoto akainama kuchungulia, akakumbuka birika za nyumba za Lamu, zile zilizotiwa bakuli la kaure chini, na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Tukaendelea kuifuata kuta, na hapo ndipo tulipoyakuta makaburi.

Ni makaburi ya Waislamu, ndani ya eneo la ngome, mahali pa wazi. Wataalamu wa mambo ya kale waliyafukua, na sasa yamehifadhiwa na kuwekewa maelezo. Hayana majina. Ni membamba, kama ilivyo desturi yetu, mtu alazwe kwa ubavu wake wa kulia uso ukielekea kibla. Nilivua kofia, sijui kwa nini, kisha nikaivaa tena. Nikawatolea salamu tuliyofundishwa kuwapa watu wa makaburini. Mama watoto akaitikia dua. Suala la wanawake kuzuru makaburi mnalijua pamoja na ikhtilafu yake. Asubuhi ile sikulifungua.

Nilichowaza hapo si kikubwa. Niliwaza kwamba usiku kucha nimelala juu yao kwa raha, nimekula, nimecheka, na pengine kwa miaka mingi hapana aliyewaambia salamu alaykum kwa lugha wanayoijua.

Tuliporudi ndani nilipiga picha kurasa za kijitabu kilichokuwa mapokezi, nikampelekea binti yangu, naye akanirudishia kwa sauti, akitafsiri huku mtoto analia nyuma yake. Mengine niliyajua kutoka vitabu vya Kiarabu. Mji ulizingirwa tangu Julai mwaka 1148. Aliyeuzingira ni Ramon Berenguer wa nne, mtawala wa Barcelona, akisaidiwa na merikebu za Genoa waliokuwa wameahidiwa theluthi moja ya mji. Waliomo ngomeni walivumilia hadi mwisho wa Desemba, wakasalimu amri.

Kisha binti yangu akasoma masharti ya suluhu, na hapo nikamwambia arudie. Waislamu waliachiwa kadhi wao na sheria zao. Na waliruhusiwa kubaki katika nyumba zao za mjini kwa muda wa mwaka mmoja, ndipo wahamie kitongojini, nje ya mji. Huko kitongojini wakaendelea kuishi, kizazi baada ya kizazi, mpaka 1526 Waislamu wa nchi ile walipoamriwa kubatizwa au kuondoka.

Nilikwenda nikafungua begi, nikaitoa hati ya dalali. Sharti la saba, ambalo nililisoma mara nyingi na kulisifu kwamba mnunuzi ni mtu mwenye huruma, linasema hivi: ndugu anayekaa ndani ya nyumba ataruhusiwa kubaki kwa muda wa mwaka mmoja tangu tarehe ya kutiwa saini, kisha atahamia penginepo.

Nikampa mama watoto asome. Alisoma polepole, akaikunja, akaniuliza, "Sehemu moja katika sita ya bei hii, itamnunulia nyumba Lamu?"

Nikasema, "Haitamnunulia hata chumba."

"Na wewe wajua?"

"Nilijua. Hesabu niliifanya."

Mirathi ile ni sahihi, wala sina ubishi na mafungu aliyoyaweka Mwenyezi Mungu. Lakini mafungu hayakuniamuru niuze. Hilo nililiongeza mimi, nikalifunika kwa kilemba changu, na kwa kuwa ndugu zangu wananiita sheikh hapana aliyeuliza.

Msidhani mama watoto alikuwa upande mmoja tu. Jioni ile, tukiwa tumekaa kwenye kijibaraza cha dirisha, aliniambia jambo ambalo sijapata jibu lake. "Maalim, tazama kuta hizi. Zimesimama kwa sababu kuna anayezilipia. Nyumba ngapi za Lamu zimeanguka kwa sababu wenyewe waligombana, kila mmoja akangoja mwenziwe atoe fedha za boriti, mpaka paa likashuka na mvua? Bora hoteli kuliko gofu." Ni kweli. Naijua mitaa ya Mkomani ambako mtu hupita kati ya magofu mawili kwenda msikitini, na wenye magofu hayo wako hai Mombasa na Muscat, wana fedha, hawasemeshani. Na vijana wa Tortosa wanapata riziki katika hoteli ile. Yule msichana aliyetuondolea chupa ni mzaliwa wa mji.

Siku ya pili tuliteremka mjini. Kanisa kuu limejengwa palipokuwa na msikiti. Humo limehifadhiwa jiwe lenye maandishi ya Kiarabu la kuanzishwa karakana ya kuundia merikebu, kwa amri ya Khalifa Abdurrahman, mwaka 333 wa Hijra. Kwa Kiarabu karakana hiyo huitwa dar as-sina'a, na kutoka hapo Wazungu wamepata neno lao arsenal, na sisi kutoka mzizi uo huo tukapata neno sanaa. Jiwe limedumu. Waliolichonga, wajukuu zao walipewa mwaka mmoja.

Usiku wa pili nilimkumbuka tena at-Turtushi. Yeye hakuyaona hayo. Aliondoka Andalusi mwaka 476 wa Hijra kwenda kuhiji na kutafuta elimu, akafika Baghdad na Sham, akatua Iskandaria, na huko alifariki mwaka 520, miaka 22 kabla ya mji wake kuanguka. Hakurudi. Waliosimulia maisha yake wanasema alipofika Iskandaria alikuwa fakiri, akaozwa mwanamke mcha Mungu mwenye mali, na mwanamke huyo akampa nyumba. Juu wakaishi, chini akapafanya mahali pa kusomesha. Vitabu vyetu vimehifadhi majina ya wanafunzi waliosoma chini ya dari lile. Jina la mwenye nyumba mimi sijapata kulisoma.

Tuliporudi Kenya nilikwenda Lamu moja kwa moja, kabla hata ya kupeleka zawadi za Mombasa. Tukakaa ndugu wanne juu, katika msana, na dada mdogo akaleta kahawa na kashata. Niliwaambia kwamba mimi fungu langu siuzi maadamu dada yu hai na anataka kukaa hapa. Ndugu yangu alikasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwahidi mwanawe. Akasema, "Wewe umelala katika hoteli ya wafalme siku mbili, sasa umekuja kutuwaidhi kuhusu hoteli." Sikuwa na jibu. Nilimwambia kahawa inapoa.

Hatukuafikiana siku ile. Baadaye, kwa kupelekewa wajumbe na kwa machozi ya dada mkubwa, tumefika mahali si pabaya. Ghorofa ya chini tumempangisha mwalimu wa kike anayesomesha watoto Qurani asubuhi na wasichana ushoni alasiri. Kodi haitoshi kumnunulia ndugu yangu fungu lake, lakini mimi na dada mkubwa tunaongeza kila mwezi, na imeandikwa, kwa mashahidi, kwamba likitimia litakuwa la dada mdogo. Huenda ikachukua miaka tisa. Dalali ametuambia sisi hatujui biashara. Ndugu yangu bado hanipigii simu ila kwa mambo ya misiba.

Juma lililopita dada mdogo aliniletea ujumbe. Fundi amefungua dari la nyumba kati, ameziona boriti tatu zimeliwa na mchwa, mbili ni nzima. Anataka fedha za boriti tatu na mifuko ya chokaa. Nimempelekea nusu.